Daktari wa Majani na Masale ya Chome

Nicolaus hakuingia gesti ya Mama Fortunata kutafuta mgonjwa. Aliingia kuomba choo. Alipotoka, akapita mapokezi na kuuona mmea kwenye chungu cheupe, majani marefu yenye mstari wa njano katikati, ncha zote zimekauka rangi ya chai. Mtu mwingine angeona mmea unakufa. Nicolaus aliona kitanda cha bure, chai na chapati kila asubuhi, na mwisho wa kulala kwenye stoo ya rafiki yake Yahaya kule kijijini Kisiwani, katikati ya magunia ya vitunguu.

"Nani anautibu huu?" akauliza.

"Kutibu?" Mama Fortunata akainua macho kutoka kwenye simu. "Namwagilia. Maji ya bomba, kila siku, kopo zima."

"Ndiyo maana nimeuliza kwa upole, mama."

Tumjue kidogo huyu mama, maana zaidi ya kidogo hastahili. Mzaliwa wa Chome, juu kwenye milima ya Upare, mwenye gesti mjini Same na shamba la tangawizi mlimani, na kiganja kinachofunguka wakati wa kupokea tu. Mmea aliuleta kutoka Dar kwa basi, akaukatia tiketi yake, kisa alisikia kwamba waandaaji wa semina hawapeleki watu mahali pasipo na kijani ndani. Semina yenyewe ilikuwa ya watu arobaini. Mkaguzi wao angefika baada ya wiki tatu, na kitu cha kwanza kukikuta mlangoni kingekuwa hili kuti.

Nicolaus naye alizaliwa kwenye kambi za mkonge, akafagia bustani ya hoteli moja kwa miezi miwili kabla ya kufukuzwa, na elimu yake ya mimea iliishia hapo kwenye fagio. Lakini alikuwa na kipimo cha mapigo ya moyo alichonunua mnadani, na muhuri alioujivunia kuliko mama yake: DKT. NICOLAUS, MAGONJWA YA MAJANI.

Akachomeka kipimo masikioni, akakiweka kwenye shina. Akafumba macho. Mhudumu wa mapokezi akaacha kutafuna karanga.

"Presha," akasema mwishowe. "Presha ya majani. Chakula kinapanda kwa kasi, kikifika nchani kinaunguza. Alazwe wiki tatu."

"Alazwe wapi?"

"Mlimani, kwenye hewa. Akipona, unanipa chumba namba nne mwaka mzima, na chai. Asipopona, chukua pikipiki yangu. Kadi hii hapa."

Mama Fortunata aliitazama kadi ya pikipiki, akaipenda. Akaifungia kwenye droo. Nicolaus akaomba na barua, asije akasumbuliwa njiani na watu wa misitu, na mama akaandika kwa mkono wake: *Huyu anashughulikia mimea yangu kwa niaba yangu. Asizuiwe.* Akasaini kwa madaha, kama watu wanavyosaini wasichokisoma.

Mpango wa daktari ulikuwa mwepesi hadi unatia aibu. Alishaona majani ya namna ile huko juu Chome, yamejipanga mashambani, hayana mwenyewe wala mwangalizi. Angeng'oa moja lenye afya, aliweke kwenye chungu, mgonjwa amtupe.

Akafika Chome na pikipiki inachemka, mgonjwa amefungwa nyuma na chungu chake. Karibu na mstari wa ile mimea, mama mmoja wa makamo ya bibi alikuwa anapalilia tangawizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa?"

Nicolaus akatoa barua. Bibi Asteria, ndilo jina lake, mjane wa mwaka wa pili, akaisoma mara mbili bila miwani.

"Fortunata wa gesti," akasema. "Anakuamini."

"Sana."

"Naona."

Sasa hapa msomaji wa Upareni ameshashika kichwa. Mtoto yeyote wa huko anajua kwamba masale, ndiyo mimea hiyo, yakipandwa kwa mstari ni mpaka wa shamba. Hayaguswi kwa hela, hayaguswi kwa ulevi, na hutapata Mpare wa kuyang'oa hata ukimpa ng'ombe na zizi. Nicolaus hakuwa Mpare, na kuuliza aliona ni kazi ya wasio na muhuri.

"Naomba moja tu, bibi. Lile nene."

"Chukua. Ila litaacha pengo, na mimi pengo linanikera. Yang'oe yote uyapande upya kule kwenye lile jiwe, hatua sita. Yakae yamenyooka."

"Yote?"

"Kumi na moja tu. Si daktari wewe?"

Alichimba hadi saa kumi jioni. Bibi Asteria alimpimia hatua mwenyewe, akamrudisha mara mbili pale mstari ulipopinda, kisha akampa sahani ya makande. Alipoomba aachiwe ile barua, kwa kuwa yeye ni mjane na majirani wana midomo, Nicolaus hakuona shida. Na muhuri je? Aligonga mara mbili, ya pili kwa raha zake tu. Mmea wa Dar akautupa kwenye shimo la migomba, akateremka Kisiwani kuuficha ule mpya hadi siku itimie.

Wiki tatu zikaisha. Sale likasimama mapokezi, la kijani kuanzia chini hadi juu, na Mama Fortunata akalizunguka polepole. Ukikiweka kitu kwenye chungu cheupe, watu wa aina yake hawakitambui hata kama kimeota mlangoni kwa mama yao.

"Ule ulikuwa na mstari wa njano."

"Mstari ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe, mama. Nimeutoa."

"Na hii rangi nyekundu kwenye shina?"

"Chanjo."

Mama Fortunata akakaa kwenye kiti cha wageni. Rangi ile aliipaka yeye. Miaka miwili nyuma, wiki moja baada ya mazishi ya mume wa Asteria, alimkodi kibarua wa mkonge, mtu wa mbali asiyejua kitu, ayahamishe masale ya mpaka wao hatua sita ndani ya tangawizi ya mjane. Kisha akayapaka rangi, asitokee wa kubisha.

Alikodi gari, akampandisha daktari wake Chome, akaita wazee wa kitongoji kushtaki kwamba mpaka wake umeng'olewa. Mzee Melkizedeki, mkubwa wao, akaitazama barua aliyoitoa Bibi Asteria.

"Mwandiko wa nani?"

"Wangu," akasema Fortunata, "lakini nilimaanisha ua la ndani."

"Umeandika 'mimea yangu'. Muhuri wa nani?"

Nicolaus akainua mkono. Kwa mara ya kwanza alitamani jina lake lingekuwa refu, lisiloenea kwenye muhuri.

"Basi mwenye mpaka kausogeza mwenyewe, kwa mtu wake. Hayo masale hayang'olewi tena. Au, Fortunata, tuanze mbali zaidi? Tuulize yalikuwa wapi kabla ya msiba?"

Fortunata akasema hapana haja. Alisema hivyo mara tatu. Halafu akamgeukia Nicolaus, akamwambia pikipiki haitoki uani kwake.

Wakati wa kuondoka ndipo walipouona. Barazani kwa Bibi Asteria, kwenye kopo kuukuu la rangi: mmea wa Dar, mstari wake wa njano uleule, ncha zilizokauka zimekatwa, na majani matatu mapya yamechomoza katikati.

"Bibi, umeupa dawa gani?" Nicolaus akauliza, na safari hii alitaka kweli kujua.

"Maji ya mvua. Bomba la huko kwenu lina chumvi, mwanangu. Hata sufuria zenu zinasema."

"Huo ni wangu," akasema Fortunata.

Bibi Asteria akaikunjua barua tena, taratibu. "Aliutupa shimoni kwangu mtu anayeshughulikia mimea yako kwa niaba yako. Nami hapa nimeambiwa asizuiwe."

Gari likateremka na abiria mmoja. Daktari alibaki kutafuta njia ya miguu hadi bondeni, na Bibi Asteria akamfungia makande kwenye jani la mgomba, kwa sababu mtu aliyekulimia siku nzima bure huwezi kumwacha ashuke na njaa.