Koti la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tatu ya ndoa. Bado nikimwona mume wangu anakunywa chai, moyo unanienda mbio. Lakini alfajiri hunikimbia, anakwenda bandani kwa farasi. Farasi huyo alizaliwa kabla yake, ndiyo maana wifi humwita shemeji yangu. Kila asubuhi: umeshamsalimia shemeji yako? Ananikera.

Maskini, meno yameisha. Pumba zake lazima ziloweshwe. Tangu baba mkwe afariki hataki kutoka bandani. Daktari wa mifugo amesema miguu inakakamaa. Atembee, hata abebe mtu mwepesi, taratibu. Akiwa bado amesimama pale pale Jumamosi, ni sindano ya kumpumzisha milele. Mume wangu alitoka nje akajifanya anatafuta ndoo.

Nimeamua. Nitamtoa mimi, tena nimempanda. Mume wangu atanipenda maradufu.

Jumanne, 4 Machi
Nilijipulizia manukato ya harusi. Nikapeleka karoti zilizochemshwa zikalainika. Farasi alinusa, akapiga chafya, akanigeuzia makalio. Wifi alikuwa mlangoni. Akasema pole, wifi yangu, hata mimi sikumpenda mtu fulani siku ya kwanza.

Jioni mume wangu alinifundisha kuchokonoa uchafu kwenye kwato. Vichwa vyetu viligusana. Harufu ya samadi wala sikuisikia.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe alipita uani amekumbatia koti la kijivu la marehemu, anakwenda kulianika. Farasi akainua kichwa, akalia. Sijawahi kumsikia akilia. Mama mkwe alisimama kidogo, kisha akaendelea na safari yake.

Nimepata wazo. Simwambii mtu.

Ijumaa, 7 Machi
Nililivaa lile koti alfajiri. Mikono ilinifunika hadi vidole. Farasi alinusa bega, akanusa mfuko, akaegemeza paji la uso kifuani pangu. Akanifuata nje kama mtoto. Nikapanda juu ya pipa, kisha mgongoni kwake. Tukazunguka uwanja polepole ndani ya ukungu. Nilijiona malkia.

Mume wangu akatokea na ndoo ya pumba. Akasema, "Baba?" Ndoo ikaanguka.

Nikamwambia ni mimi, mpenzi. Mama mkwe aliketi kwenye ngazi. Wifi naye alinyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa.

Mume wangu alinishusha. Akanivua koti, kifungo baada ya kifungo, akalitandika mgongoni kwa farasi. Wakatembea wawili hao mpaka jua likapanda. Sikumwita.

Mama mkwe alinishika mkono. Akasema mwanangu, farasi umemtoa, nashukuru, ila vitu vya marehemu havichezewi. Nikalia machozi ya kweli. Nikaapa koti sitaligusa tena.

Jumamosi, 8 Machi
Daktari amemkuta farasi uwanjani, koti mgongoni, anatafuna majani machanga kwa ufizi. Amefunga mkoba wake. Mume wangu amenibusu kwenye paji la uso. Mbele ya wifi!

Jumapili, 9 Machi
Leo hajanibusu. Alfajiri yote alikuwa uwanjani na farasi, wanatembea bega kwa bega. Niliwatazama dirishani.

Nimekifikiria sana kiapo changu. Nilitaja koti. Kofia ya baba mkwe, ile iliyo juu ya kabati, sikuitaja kabisa. Nimeijaribu. Inanishuka hadi machoni, lakini farasi hatajali.