Daraja la Kwanza Limepotea

Jumatano, 26 Juni

Zamu yangu kutunga mtihani wa hisabati wa mwaka wa pili! Tunafundisha wawili. Mimi madarasa matatu, Mwalimu Byeon manne. Karatasi ni moja kwa wote, na muhula huu ni mtihani mmoja tu.

Mzee Ok, mkuu wa idara yetu, anastaafu Agosti. Kiti chake kitakuja kwangu au kitakwenda kwa Byeon. Makamu mkuu, Bi Cheon, amesema ataangalia maoni ya wanafunzi. Maoni ya wanafunzi! Mwaka jana mmoja aliandika kwamba kipindi changu kinamsaidia kulala. Mwingine aliandika kwamba mimi huongea na ubao, na kwamba ubao ndio unaoelewa.

Basi nina mpango. Karatasi nyepesi. Watoto wafurahi, wanipende, waniandikie mazuri. Kazi ni kama kumsukuma mlevi.

Byeon hana mbinu kabisa. Juzi aliwatoa watoto nje wapime urefu wa jengo la shule kwa kutumia kivuli chake. Jua la Juni hili! Nilimuuliza mbele ya walimu wote kama siku hizi tunafundisha mafundi ujenzi. Akajibu kwa upole kwamba angalau wao sasa wanajua jengo lina urefu gani. Walimu wakacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Maswali nimeyatoa kwenye kitabu cha mazoezi cha dukani. Namba nimezibadilisha. Baadhi yake.

Jumatatu, 1 Julai

Mtihani umefanyika. Jikoni wamepika supu ya mwani! Siku ya mtihani! Watoto wanaamini ule utelezi wake huteleza na alama zao, kwa hiyo hakuna aliyeigusa. Nimekunywa mabakuli matatu. Tamu sana, na mimi sina mtihani.

Watoto wametoka wakitabasamu. Mvulana mmoja wa darasa langu ameniinamia mpaka simu ikamdondoka mfukoni. Yule msichana Gaon, wa darasa la Byeon, alimaliza mapema akalala juu ya dawati. Nilimuuliza mtihani ulikuwaje. Alisema ulikuwa mzuri, yote walishayaelewa na Mwalimu Byeon.

Nimepita ofisi ya Mzee Ok. Kiti chake kinazunguka. Nimekizungusha mara moja tu, kwa majaribio.

Jumanne, 2 Julai

Balaa! Mashine imejumlisha alama. Watoto thelathini na mmoja wamepata mia juu ya mia.

Nilikwenda kwa Bi Cheon nikiwa nimechana nywele. Nilidhani naitwa kupongezwa. Akaniuliza kama najua maana ya watoto thelathini na mmoja kupata mia. Nikasema maana yake wameelewa.

"Hatukukuajiri waelewe wote, Mwalimu Tak!"

Nimesahau hesabu ndogo. Mwaka wa pili wana wanafunzi mia mbili na kumi. Daraja la kwanza ni la asilimia nne ya juu, yaani wanane, basi. Wakifungana thelathini na mmoja kileleni, kanuni inawahesabu wote kama wamesimama katikati ya kundi lao, yaani wote ni wa kumi na sita. Wa kumi na sita hana daraja la kwanza. Kwa hiyo wote wanapata la pili, na la kwanza halipati mtu. Limepotea. Shule nzima haina mtoto hata mmoja wa daraja la kwanza katika hisabati, kwa sababu watoto wengi mno wanajua hisabati.

Simu zimeanza kabla ya chakula cha mchana. Wa kwanza ni Mama Ihan, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. "Mwanangu kapata mia, halafu unaniambia ni wa daraja la pili? Hiyo mia yenu mmeinunua wapi, sokoni?" Nikamweleza kanuni. Akasema kanuni hiyo nikamweleze mama yangu mzazi.

Byeon alikuwa na huzuni. Alisema wake ni kumi na tisa kati ya hao, na wamesoma kwelikweli. Nikamwambia ndiyo maana tumeharibikiwa. Angewafundisha vibaya kidogo, kama wenzake, tusingefika hapa.

Jumatano, 3 Julai

Akili ni nywele. Nimepata dawa.

Kuna swali la kuandika, ambalo tulilisahihisha kwa mkono, na naweza kulipitia tena. Huko nusu alama inaweza kudondoka bila mtu kusikia. Wakibaki kumi na watano wenye mia, katikati yao ni wa nane, kanuni inakubali na daraja la kwanza linarudi. Nahitaji kuwapunguza kumi na sita tu.

Nimechukua kalamu nyekundu. Mmoja kaandika alama ya sawasawa ikiwa imepinda. Nusu! Mwingine hakuandika "hivyo basi" kabla ya jibu. Nusu! Ihan, mtoto wa Mama Ihan, saba yake inafanana na moja. Nilisita. Halafu nikakata, maana haki haichagui.

Gaon alinisumbua. Milinganyo ya ukurasa mzima yeye kaimaliza kwa grafu moja na mistari minne. Sahihi kabisa. Safi mno. Mwishowe nimeandika pembeni: Hakufuata njia ndefu. Nusu!

Kumi na sita wamekwisha. Nimekula mabakuli mawili ya tambi baridi kwa furaha.

Alhamisi, 4 Julai

Foleni mlangoni mwa ofisi ya walimu toka asubuhi. Kila mmoja na karatasi yake. Mvulana wa sawasawa iliyopinda amekuja na rula.

Gaon alisubiri wote waishe. Hakulalamika. Alisema anataka kuomba chuo cha ualimu, na shule hupendekeza mtu mmoja tu, mwenye daraja la kwanza katika hisabati. Mama yake hana uwezo wa kumpeleka tuisheni wala kumlipia chuo kingine. Bila pendekezo hilo hana njia. Alitaka tu kujua amekosea wapi ili asirudie.

Nikamuuliza anataka kufundisha somo gani. Hisabati, akasema. Jamani! Moyo wangu uliyeyuka. Nikamwambia nimefurahi kuona nimekuwa mfano kwake. Akaniangalia kidogo, kisha akasema kwa adabu kwamba mfano wake ni Mwalimu Byeon.

Saa nane kamati ya mitihani ikakaa. Byeon alisoma sababu zangu zote kwa sauti, moja baada ya nyingine. Ilipofika "Hakufuata njia ndefu," hata Mzee Ok, ambaye huwa amelala, alifungua macho. Nusu zote zimerudishwa. Watoto thelathini na mmoja wenye mia, palepale.

Bi Cheon alinibakiza. Alisema madaraja yanafungwa Jumatano ijayo, na kwamba niliyevunja ndiye wa kuunga.

Ijumaa, 5 Julai

Swali likiwa na kasoro linafutwa na watoto wanarudia lingine. Nikaipekua karatasi yangu nitafute kosa. Hakuna! Miaka kumi na minane natunga mitihani, haijawahi kukosa kosa. Mwaka huu ninaolihitaji, hakuna.

Imebidi nijitoe mhanga. Nimemwendea Bi Cheon nikakiri kwamba swali la tisa lilitoka kwenye kitabu cha dukani. Ni kinyume cha sheria. Amenikemea, lakini macho yake yalikuwa yanacheka. Swali limefutwa, Jumatatu wanarudia moja badala yake. Aliniuliza kama mengine nayo yalitoka humo. Nikasema niliyonayo moyoni nimeshayasema.

Byeon alitaka tutunge pamoja. Bi Cheon akasema siri ibaki kwa mtu mmoja.

Jumatatu, 8 Julai

Swali langu ni zimwi. Grafu mbili zinazokimbizana, pembetatu imebanwa katikati, na mzizi mmoja umejificha nyuma ya mwingine. Nimelilea tangu Ijumaa. Sijawahi kupenda kitu hivi tangu niposwe. Hapana, mimi ndiye niliyeposa. Nimechoka.

Watoto walilisoma. Mmoja akaanza kulia. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Gaon peke yake aliandika mpaka kengele ilipogonga.

Matokeo matamu! Jibu ni ishirini na nne. Gaon kaandika ishirini na saba. Wote wamekosa isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ni nani? Ihan! Mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya wazazi! Daraja la kwanza limerudi, lina mtu, na mtu huyo ana mama mwenye sauti.

Nimempigia Mama Ihan mwenyewe. Alibadilika sauti papo hapo. Aliniita "mwalimu wetu". Alisema daima alijua mimi ni kichwa, na kwamba atamtajia Bi Cheon jina langu kuhusu kile kiti.

Gaon nilimwona kwenye ngazi, amekaa na karatasi yake anapiga hesabu upya. Nilijisikia vibaya kweli. Nikashuka kwa ngazi nyingine.

Jumanne, 9 Julai

Byeon kaja asubuhi, macho mekundu. Amelitatua zimwi langu. Amepata ishirini na saba. Mara tatu.

Nikamwambia labda amekosea mara tatu. Akaweka kidole kwenye mstari wangu wa tatu. Pale pana alama ya kutoa ambayo kwenye mstari wa nne haipo. Nilitazama. Nilitazama tena. Haipo. Imekwenda wapi? Nikasema mwandiko wangu ndivyo ulivyo.

Nikajaribu kumshawishi. Madaraja yanafungwa kesho. Wazazi wametulia. Alama ndogo ya kutoa, kijiti tu, ya nini kuamsha waliolala? Akaniuliza kama kijiti hicho kingekuwa cha mwanangu ningesemaje. Mwanangu hapendi hisabati.

Kamati ikaitwa. Nikashikilia ishirini na nne. Nikasema kwamba Ihan amelipata jibu langu mwenyewe bila msaada, na huo ni ushahidi. Watu hawawezi kukosea namna moja! Bi Cheon akaona hoja ina uzito. Akaamuru watoto wote wawili waitwe, kila mmoja aeleze ubaoni.

Gaon akaanza. Chaki ikamkatikia mkononi. Akaokota kipande akaendelea. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye mzizi uliojificha akasema, "Huyu hapa ndiye anayedanganya watu," na akamtoa nje. Hata mimi nilielewa. Ishirini na saba.

Kisha Ihan. Alishika chaki, akairudisha. Nikamtia moyo kwa macho. Bi Cheon akamwambia aeleze tu alivyofikia ishirini na nne.

"Sikukokotoa, mwalimu. Lilinishinda. Nimeandika namba yangu ya kwenye orodha ya darasa."

Mzee Ok alicheka mpaka akakohoa. Ihan naye akacheka, mtoto mwema, halafu akamwinamia Gaon na kumwambia amestahili.

Nikasimama haraka. Nikasema kosa lile nililiweka kusudi, nione kama wenzangu wako macho.

Jumatano, 10 Julai

Madaraja yamefungwa. Gaon ana daraja la kwanza, peke yake shule nzima, na jina lake limekwenda chuo cha ualimu. Wenzake thelathini wa mia wana la pili. Mama Ihan amerudi kuniita kwa jina langu kavu.

Kiti kimekwenda kwa Byeon. Mimi nimepewa foleni ya chakula cha mchana, niwazuie watoto kurukana. Nimeumia, sifichi. Kiti kile kilinifaa mgongo.

Gaon alinifuata kwenye foleni. Alinishukuru, akasema swali lilikuwa zuri. Halafu akavuta pumzi. Alisema kuna watoto wa madarasa yangu humjia kila siku baada ya kula awaeleze milinganyo, na wao ndio waliomtuma. Wanaomba niwarudie somo tangu mwanzo, polepole. Wenyewe wanaogopa kuniambia.

Wanaogopa! Miaka kumi na minane natafuta heshima darasani, kumbe ninayo. Na swali ni zuri, kasema mwenyewe, mtoto wa daraja la kwanza.

Kuwarudia somo, hapana. Wataelewa wote, tutarudi kulekule.

Nimeanza kutunga wa Oktoba. Swali la kwanza nimelimaliza leo hii. Ni refu, lina grafu tatu, na jibu lake hata mimi silijui. Dalili njema sana.