Asetoni Niliyommiminia Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Vita vimeanza. Mama Profesa, mkuu wa maabara yetu ya kemia, katangaza kwamba meza ya utafiti wa metali imebaki moja. Atakayepata fuwele safi za rodi, ile metali adimu, kabla ya Ijumaa, meza ni yake. Mwingine akawafundishe mwaka wa kwanza kuosha vyombo. Tunaoigombea ni wawili: mimi na Shemeji, kaka wa mke wangu. Siondoki ng'o!

Tatizo ni kiyeyushi. Rodi ina tamaa, inakumbatia karibu kila kimiminika unachoitia. Dawa yake ni difluorobenzini, ile benzini yenye florini. Hiyo huiyeyusha na kuiacha huru. Imebaki chupa moja tu. Anayo nani? Shemeji! Nimemwomba kidogo, kasema samahani shemeji, hata kwangu haitoshi. Haya. Tutaonana.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji kaenda kunywa chai. Difluorobenzini yake nimeihamishia yote chupani mwangu. Yake nimeijaza asetoni, hii hii tunayosuuzia vyombo. Zote hazina rangi, na mwenyewe ana mafua, hasikii harufu. Asetoni itaiganda rodi yake kama kupe. Kwisha habari yake! Nyumbani mke wangu kauliza mbona nacheka peke yangu. Nikasema namkumbuka kaka yako. Kafurahi, maskini.

Alhamisi, 6 Machi
Sielewi. Chomboni mwangu umetuama ute wa kahawia. Nimeupoza, nimeukwaruza kwa kijiti cha kioo, nimeubembeleza. Wapi! Kwa Shemeji, fuwele za njano, zinametameta. Mama Profesa kaita maabara nzima ije kutazama. Na mimi nimepiga makofi. Viganja vinaniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Picha ya eksirei imetoka. Rodi imeshikana na asetoni! Nikasema moyoni, leo kaumbuka. Kumbe! Mama Profesa kasema hicho ndicho alichokuwa akikitafuta, maana asetoni inaishika rodi kidogo tu, na ukileta gesi inaachia, gesi ikae mahali pake. Sasa kupe gani huyo anayeachia? Kamuuliza Shemeji asetoni imetoka wapi. Kaapa hajui, labda chombo hakikukauka vizuri. Wakacheka. Meza kapewa yeye. Mimi nimekabidhiwa brashi ya kusugulia chupa. Roho inaniuma, sitaki hata kula.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeligeuza jambo hili huku na huku mpaka nikapata mwanga. Shemeji hakugundua chochote! Asetoni niliitia mimi, kila tone. Basi ugunduzi ni wangu na meza ni yangu. Wizi wa mchana kweupe! Mke wangu, bila kujua kisa chote, kasema yaliyopita si ndwele. Si kaka yake!

Jumatatu nagonga mlango wa Mama Profesa. Nitamweleza yote: nilivyoinyemelea chupa, nilivyoimimina, nilivyorudisha kizibo. Akitaka shahidi, sina. Hakuna aliyeniona, nilikuwa makini mno. Ila niko tayari kuapa.