Nguva wa Godoro

Jumatatu, 4 Agosti

Siku mbovu. Nimewapeleka wageni baharini kuona maajabu, kama ubao wa boti yangu unavyoahidi. Tumeona jongoo bahari mmoja. Amelala. Nikawaambia anawinda. Mgeni mmoja akauliza anawinda nini na hajasogea tangu tufike. Nikasema ndio ujanja wake. Hakuna aliyecheka.

Mara akapita shemeji, kaka wa mke wangu, boti imejaa, pomboo wanaruka mbele yake utadhani amewaajiri. Akanipungia mkono! Wageni wangu nao wakampungia. Mmoja akauliza kama wanaweza kuhamia kule.

Nyumbani mke wangu hakuficha neno. Boti ikiendelea kurudisha watu walionuna, tutaiuza, nami nitafanya kazi kwa kaka yake. Kazi gani? Kuwavalisha wageni majaketi ya kujiokolea, akasema. Na kugawa soda.

Mimi! Nahodha! Soda!

Jumanne, 5 Agosti

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Pomboo kila mtu anao. Nguva hakuna aliye naye! Watu wamezeekea pwani hii bila kumwona, ingawa inasemekana zamani alikuwa akija kula majani ya bahari kule ghubani. Basi, kama haji, nitamtengeneza.

Nimechukua godoro la sponji la chumba cha wageni, turubai la kijivu, na tyubu ya lori kwa ajili ya mkia. Nikampelekea fundi cherehani. Akauliza ni kochi la aina gani. Nikamjibu ni siri ya kazi. Akasema siri hii itahitaji zipu.

Ametoka vizuri. Mnene, mpole, macho ya vifungo vya koti. Anafanana kidogo na mjomba wangu, lakini kwa mbali atapita.

Jumatano, 6 Agosti

Majaribio. Sponji imekunywa nusu ya bahari. Nguva akazama, nami nikamfuata, maana kamba nilikuwa nimejifunga kiunoni. Bado natema chumvi.

Nikamwekea madumu matupu tumboni. Akaelea, lakini chali. Nguva chali ni maiti. Nikayahamishia madumu mgongoni. Sasa ameelea sawasawa, ila ana kibyongo. Basi tu. Nani anaujua mgongo wa nguva?

Alhamisi, 7 Agosti

USHINDI!

Nilimtia nanga ghubani asubuhi na mapema, kisha nikaleta wageni. Nikasimamisha boti mbali na kunong'ona kwamba tusimkaribie, ana mimba. Mama mmoja akatokwa na machozi. Mumewe akauliza mbona hana nywele wala kifua. Nikamweleza kwamba huyo ni nguva wa kwenye hadithi. Huyu ndiye wa kweli. Nikavuta kwa siri kamba ndefu niliyomfunga mkiani, mkia ukapiga maji chwaa! Makofi!

Habari zilifika sokoni kabla yangu. Shemeji alikuja hadi nyumbani kuniuliza nilimwonea wapi hasa. Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya kuomba. Nikamwambia bahari inachagua watu wake.

Mke wangu amenipakulia mara mbili. Amenitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza. Nikajisikia vibaya kidogo. Ikapita.

Ijumaa, 8 Agosti

Balaa.

Boti yangu ilijaa mpaka ukingoni. Shemeji naye akaja nyuma yetu na wageni wake. Nilikuwa katikati ya maelezo kuhusu mimba, mtu akapiga kelele kwamba kuna wa pili.

Kweli. Upande wa pili wa boti, mgongo wa kijivu. Pua inapuliza. Nikaelewa papo hapo: shemeji ameniibia wazo! Tena wake ametengenezwa vizuri zaidi. Hana kibyongo. Ana ndevu. Anatafuna!

Damu ikanichemka. Nikawatangazia wageni kwamba huyo ni wa bandia, na kwamba nitawaonyesha zipu. Nikajirusha, nikamkumbatia.

Hapakuwa na zipu. Palikuwa na ngozi, na nyama, na uzito wa ng'ombe. Akanitazama kwa jicho dogo, kama mtu aliyekatizwa chakula. Kisha mkia! Niliziona boti zote mbili chini yangu. Mwenyewe akakimbia, akajinasa kidogo kwenye kamba ya nguva wangu, akaikata, turubai likapasuka. Vipande vya godoro la chumba cha wageni vikaelea kila upande mbele ya macho ya watu.

Shemeji ndiye aliyepiga mbizi kuniopoa. Nikamuuliza, nikikohoa, alimshonesha kwa nani.

"Shemeji," akasema, "yule ni nguva. Nguva wa kweli. Nimemtafuta maisha yangu yote. Na wewe umempanda kama punda."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani ni chumvi.

Jumamosi, 9 Agosti

Afisa wa hifadhi amekuja. Makosa mawili: kumsumbua mnyama adimu, na kutupa godoro baharini. Nikajitetea kwamba yule wa kweli nilidhani ni wa bandia, na yule wa bandia nilimtunza vizuri sana. Akaandika kwa muda mrefu. Leseni imesimamishwa.

Mke wangu alimsindikiza afisa hadi mlangoni, akarudi.

"Yaani alikuja mwenyewe," akasema. "Ungekaa tu, mume wangu. Ungekaa tu kwenye boti yako."

Nikaenda kufagia chumba cha wageni, ambacho sasa ni kikubwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Kazi mpya kwa shemeji. Nimegawa soda. Wageni wameniuliza kama ndiye mimi wa kwenye ile picha inayosambaa, ya mtu aliyempanda nguva. Shemeji ameniomba, kwa heshima, niweke mikono yangu ndani ya boti.

Nimepata nafasi ya kutafakari, na kosa langu nimeliona. Nilimtengeneza mnyama ambaye bado yupo! Hapo ndipo nilipoharibu.

Leo tulipita kwenye matope ya mlangoni mwa mto. Shemeji akawaambia wageni kwamba zamani flamingo, wale ndege wa rangi ya waridi, walijaa pale, siku hizi haji hata mmoja. Wageni wakasikitika sana. Nikahesabu kichwani bata bukini wa jirani yangu. Weupe wote. Shingo ndefu.

Jioni nimepitia duka la vifaa vya ujenzi kuulizia rangi ya waridi isiyotoka kwenye maji. Muuzaji akauliza ya ukuta au ya mbao. Nikamwambia ya kitu kinachotembea.