Sentensi ya Chai Katika Mwongozo wa Usafi

Jumatatu, 3 Machi
Kiti cha Mkuu wa Uhakiki ki wazi! Tunaokimezea mate ni wawili: mimi na Bi Nukta, yule anayekurudishia waraka kwa ajili ya mkato mmoja. Nina mpango. Nimeandika Mwongozo wa Usafi wa Ofisi, na katikati ya habari za mapipa ya taka nimepachika: "Kila Ijumaa Mkurugenzi atawapikia wafanyakazi chai." Bi Nukta akipitwa, kwisha habari yake!

Jumanne, 4 Machi
Mwanasheria kaidhinisha kabla kiti chake hakijapata joto. Mhasibu naye, eti bajeti ya mifagio imekaa sawa. Mchana, Bi Nukta. Kaidhinisha! Nikakimbilia chooni, nikacheza peke yangu. Kumbe fundi bomba yumo. Tukasalimiana.

Jumatano, 5 Machi
Nilitaka kumwahi Mkurugenzi kabla hajatia sahihi, nifichue uzembe, nipewe kiti. Nikachelewa kwenye kioo nikijifunza sura ya masikitiko. Katibu wake akanipa pole: mama keshatia sahihi, mwongozo umesambazwa ofisi nzima. Haraka gani hiyo? Ombi langu la likizo lilikaa miezi!

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Foleni hadi kwenye ngazi, kila mtu na kikombe. Mlinzi kaja na jagi. Mkurugenzi akatoka, akauliza kuna msiba gani. Akaonyeshwa ukurasa. Akasoma. Nikaropoka kwamba Bi Nukta ndiye aliyepitwa.

"Sikupitwa, ndugu yangu," akasema kwa upole. "Niliona, nikaongeza mkato baada ya Ijumaa. Nilikuwa na hamu ya chai."

Kicheko! Hata Mkurugenzi. Akakunja mikono ya gauni, akasema hawezi kuikana sahihi yake, akabandika sufuria. Chai tamu ajabu. Kiti kapewa Bi Nukta papo hapo. Mimi nimepewa vikombe. Kuosha. Vyote.

Jumatatu, 10 Machi
Kosa langu nimeligundua: mwongozo ulikuwa mfupi mno. Leo naandaa Marekebisho, kitabu kizima, na ndani yake, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: vikombe vitaoshwa na Mkuu wa Uhakiki. Kwa utaratibu, waraka unapita kwanza kwa Mkuu wa Uhakiki.

Mke wangu kaguna. "Baba watoto, si ndiye Bi Nukta huyo huyo?"

Nimemwambia aondoe shaka. Mtu akishapandishwa cheo, huwa hasomi tena.