Pua ya Mke Wangu na Ngozi za Uvunguni

Jumatatu, 3 Machi
Kesho mke wangu anafanyiwa operesheni ya pua. Mfupa wa ndani umepinda. Miaka tisa anahemea mdomoni na kukoroma hadi vikombe vinacheza kabatini. Daktari anasema sasa atapumua vizuri, atalala vizuri, na atanusa vizuri. Hilo la tatu hakuna aliyenidokeza! Mimi ni fundi viatu, na uvunguni mwa kitanda chetu nimeficha ngozi saba za mbuzi ninazozilainisha mwenyewe. Yule fundi wa ng'ambo ya barabara hununua zake tayari. Tutaona nani bingwa. Zinanuka kidogo. Haya, zinanuka sana.

Jumanne, 4 Machi
Salama! Nilipomwona kajazwa pamba puani, macho yakinitafuta, machozi yalinitoka. Kisha nikamvuta daktari pembeni nikamwomba pamba ikae mwezi mzima. Akaniuliza kama tuna ugomvi nyumbani.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji yangu amekuja kumuuguza dada yake. Pua yake nzima kabisa. Hata kizingiti hajavuka, akauliza nini kimeoza. Nikasema panya. Kosa! Tumehamisha kabati, makochi, hata jiko. Nimemsaka panya asiyekuwepo tangu asubuhi, magoti yamechubuka. Uvunguni nikadai nimeshatazama. Shemeji akanikazia macho, akasema kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 6 Machi
Pamba imetolewa. Nje ya hospitali mke wangu alivuta pumzi ndefu, akacheka peke yake. Chumbani akavuta ya pili. Hakucheka. Alipiga magoti akazitoa ngozi moja moja, zote saba, shemeji akihesabu kwa sauti. Akasema mimi na ngozi tunanuka sawasawa, ila mimi alinikubali bila kunusa. Ngozi zimehamia uani. Amesema ikifika Jumapili zisionekane hata pale, nitajua mwenyewe pa kuzipeleka!

Ijumaa, 7 Machi
Amelala bila mkoromo. Nyumba kimya hadi nikashindwa kulala; nimeamka mara tatu kuhakikisha anapumua. Anapumua. Asubuhi uso umenawiri kama siku ya harusi yetu. Nina furaha, sina la kuficha. Nimeapa sitamficha kitu tena.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe amekuja kumjulia hali bintiye. Maskini, mafua yamembana mwezi wa pili huu. Anasema hata sabuni ya kufulia hainusi. Nikampa kiti kizuri na chai. Nikamuuliza kwa adabu kama kile chumba chake cha nyuma bado kitupu. Akasema nipeleke nitakacho, mimi ni mwanawe, wala hataniuliza ni nini.

Ngozi zimefika salama, zote saba. Jioni mke wangu aliniona nikimwombea mama yake, akaguswa sana. Nimemwombea afya njema mwili mzima, kasoro pua.