Polisi wa Kumwonyesha Mama Jerotich

Jumatatu, 1 Agosti 2005

Leo ni leo! Barua pepe kutoka Chicago. Tamasha la kwaya za Waswahili wa Marekani nzima, mwakani, linakuja kwetu! Kumbi zimebaki mbili: ule tuliouomba sisi wa kwaya ya Oxon Hill, katikati ya jiji la Washington, na ule wa Gitau, mwalimu wa kwaya ya Rockville, mji mdogo nje ya jiji. Gitau! Mtu mwenye suti tatu za rangi moja. Na mwalimu wa kwaya mwenyeji ndiye atakayeongoza kwaya zote siku ya mwisho. Waimbaji mia sita, mikono yangu hewani! Nimejaribu mbele ya kioo cha bafuni. Nimeangusha miswaki.

Mwenyekiti wa kwaya zote, Mama Jerotich, ana swali moja tu. Waimbaji wake wanaiogopa Washington. Usalama ukoje, ukilinganisha na miji mikubwa wanakotoka wao, Chicago, Houston, New York?

Mke wangu Irene kasema nijibu ukweli: kuna mitaa mizuri, kuna mitaa mibaya, watu wanaishi. Jibu gani hilo? Halinunui hata kuku kwenye mnada wa kanisa.

Jumatano, 3 Agosti

Maktaba, kabla ya zamu. Kwenye intaneti nimepata jedwali: idadi ya polisi kwa kila watu elfu kumi, miji mikubwa yote. Nikapitisha kidole kwenye skrini. Nani wa kwanza? Sisi! New York nyuma yetu, Chicago nyuma yetu, Houston huko chini. Nikapiga kigelegele. Mwanamume mzima. Mkutubi akaniomba nitoke nikapunge hewa kidogo.

Ukurasa wa pili: uhalifu. Mauaji, unyang'anyi, wizi wa magari. Kidole kikashuka tena kututafuta. Hakikwenda mbali. Nikafunga ukurasa. Mama kauliza usalama, hakuuliza uhalifu.

Nimechora mchoro wa nguzo kwa kalamu ya bluu. Nguzo yetu ndefu mpaka nimeongezea karatasi kwa gundi. Nimeutuma kwa faksi ya kazini. Kichwa cha habari: WALINZI WENGI, AMANI TELE.

Ijumaa, 5 Agosti

Gitau kapeleka ukurasa wa pili! Kanipigia mwenyewe kunijulisha, kwa sauti ya msibani. Eti niliacha nusu, na yeye kanisaidia tu, kama ndugu. Ndugu!

Mama Jerotich naye akapiga. Mpole sana, na hiyo ndiyo hatari yake. Anauliza: kama polisi ni wengi hivyo, mbona wezi hawapungui? Polisi wamewafuata wezi, au wezi hawana habari na polisi? Nikamjibu papo hapo kwamba hospitali yenye madaktari wengi ndiyo hospitali nzuri. Nikajisikia profesa. Irene, akikunja nguo, kaniuliza wagonjwa wengi nao hukutwa wapi. Nikatoka nje.

Lakini! Mama anakuja kujionea, Jumamosi ya wiki ijayo. Asubuhi Rockville na Gitau, mchana mjini na mimi. Takwimu hubishaniwa. Macho hayabishiwi!

Jumanne, 9 Agosti

Mpango mzuri kuliko yote niliyowahi kupanga. Simwambii Mama kitu, namwonyesha. Mimi naendesha basi dogo la kituo cha wazee, jiji zima nalijua, na polisi najua walipo. Tena si wa aina moja! Kuna wa jiji, wa treni, wa Bunge, wa bustani. Hata wanyama wa zuu wana polisi wao. Simba analindwa!

Nimenunua ramani kubwa. Kila mahali polisi wanapopenda kusimama nimetia alama nyekundu, saa zao pembeni. Imependeza kama pambo. Irene kaitazama muda mrefu, kisha kasema mtu asiyenijua akiiona atafikiri mengine. Wivu wa watu wasiojua kuchora.

Jumamosi, 13 Agosti



Gitau kamleta Mama saa saba. Mama mrefu, kofia ya zambarau, mkoba kifuani. Gitau akatabasamu, akaondoka. Nikaifuata ramani. Alama ya kwanza: hakuna polisi. Ya pili: hakuna. Ya tatu: njiwa. Wiki nzima wamejaa, leo wamekwenda wapi? Mama akauliza kwa upole kama wamestaafu.

Hapo akili ikanijia. Hawaonekani? Waitwe! Mtaa wa mabalozi, mbele ya lango la ubalozi, kibao cha kukataza kuegesha magari, kikubwa kama mlango. Nikasimama papo hapo. Nikazima injini. Nikamwambia Mama tutazame maua.

Wakaja! Wa kwanza kwa baiskeli. Wa pili kwa gari. Kisha pikipiki mbili. Kisha gari lenye mbwa! Furaha ikanipanda kichwani. Nikapiga kelele, "Hesabu, Mama! Hesabu!"

Yule wa baiskeli akauliza tunahesabu nini. Nikamjibu ukweli: tunawahesabu nyinyi.

Halikuwa jibu zuri.

Wakatutoa garini. Wakafungua buti. Wakaikunjua ramani juu ya boneti. Alama nyekundu, saa pembeni. Sasa furaha ikanishuka mpaka kwenye soksi. Tukaketishwa ukingoni mwa barabara, mimi na mwenyekiti wa kwaya zote, mbwa akinusa viti. Nikajiona napandishwa ndege kurudishwa Bukoba, bila hata kumuaga Irene. Nikasema ni ramani ya kwaya. Mkubwa wao akasema hajawahi kuona kwaya inayohitaji kujua polisi wanakula saa ngapi.

Mama Jerotich ndiye aliyetuokoa. Aliinuka taratibu, akaweka mkoba chini, akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Alto ya kutikisa madirisha! Kisha akanitupia jicho. "Besi, Respicius! Unangoja nini? Imba!"

Nikaingia. Mwanzoni sauti ilikwaruza, kisha ikafunguka. Beti zote, mpaka amina. Mmoja wa pikipiki akavua kofia. Mbwa akakaa. Mkubwa wao akatutazama, akapiga simu mahali, akasubiri, akatutazama tena. Akatuachia. Kaniandikia faini, na ramani kabaki nayo.

Njia nzima Mama aliukumbatia mkoba wake. Nadhani amevutiwa.

Jumapili, 14 Agosti

Mama kapiga kutoka uwanja wa ndege. Kachagua Rockville!

Rockville, anasema, alimwona polisi mmoja tu. Alikuwa ananunua tikiti maji, na walisalimiana. "Bwana Respicius," akaniambia, "mahali penye polisi wengi namna ile, mimi nitalalaje?" Nikamkumbusha mchoro. Akasema mchoro ameuelewa vizuri sana, ndiyo maana. Ila besi yangu kaipenda. Nisimame mstari wa mbele. Gitau ataongoza.

Nilikaa jikoni bila kuwasha taa. Nilidhani Irene atanicheka. Hakunicheka. Kanipakulia ndizi, kakaa mbele yangu, kasema jana ningeweza nisirudi, kwa ajili ya kupunga mikono tu. Macho yake mekundu. Nikamshika mkono nikamwahidi kwa moyo wote: sitawagusa polisi tena, wala takwimu zao, wala kuwaita. Ndipo akacheka, mpaka akajifuta kwa khanga. Akaniomba nimsimulie tena kuhusu mbwa.

Alhamisi, 18 Agosti

Habari! Kamati imeanza kupokea maombi ya mwaka unaofuata! Na Mama Jerotich, safari hii, ana swali jipya kabisa. Juzi ukumbi mmoja kule Chicago ulijaa moshi wa nyama choma, watu wakatoka mbio. Anataka kujua hali ya zimamoto kwa kila mwombaji.

Nimetoka maktaba sasa hivi. Jedwali lipo! Wazimamoto kwa kila watu elfu kumi, na sisi tuko pazuri. Pazuri sana! Ukurasa wa pili sijaufungua. Irene nilimwahidi kuhusu polisi. Kuhusu zimamoto sikutamka hata neno.

Mama atakuja kukagua Oktoba. Na safari hii hakuna ramani, sirudii makosa. Wazimamoto hawana haja ya kutafutwa mitaani, wanakuja wenyewe, tena na ving'ora! Wanahitaji sababu ndogo tu.

Nimenunua mkaa. Majani mabichi nitayakata nyuma ya ukumbi.